Bati la Bikombo

Saa kumi na mbili na robo asubuhi kiwanja cha Wawi
bado ni mali ya kuku wa nyuma ya uzio.
Nafungua kisanduku cheupe cha vipimajoto, nasoma:
kikavu ishirini na nne, kibichi ishirini na tatu na nusu.
Hewa imeshiba. Ikiguswa itacheua.

Mimi si mtabiri. Watabiri wako Unguja,
wana kioo kinachowaonyesha mvua ya kesho kutwa.
Mimi ni shahidi. Saa kwa saa naandika nilichokiona,
na shahidi haongezi chumvi.

Mbingu naikata vipande vinane, kama mkate wa kumimina:
leo vitano vya mawingu, vitatu vitupu.
Upepo nausoma kwenye mfuko mwekundu uliochanika ncha.
Ukining'inia kama mkono wa mtoto aliyelala, fundo tatu.
Ukikakamaa kutoka ubavuni, ndege itashuka upande upande
kama kaa anayerudi shimoni.

Lakini umbali wa kuona hauna mashine hapa.
Aliyeniachia kazi, Faki Mkubwa, alininyooshea kidole
mara moja tu, siku moja tu:
kile choo cha skuli, mita mia nane;
mnazi uliokatwa kichwa na radi, kilomita mbili;
mnara wa simu, nne;
na lile bati jeupe kilimani, tano.
"Lile ndilo," akasema. "Likionekana, waite.
Likipotea, waache Unguja wanung'unike."

Miaka kumi na moja nimeliandika bati lile,
sijui ni la nani.

Mvua ya masika kwetu haiji kwa kishindo. Inakuja kwa kufuta.
Inafuta bati, inafuta mnara, mnazi, choo,
mpaka nabaki mimi na kalamu
na lami inayoruka matone kama mafuta ya kaango.
Juu ya weupe huo rubani anazunguka.
"Wawi, mnaona nini?"
Sauti yake kavu, ila nyuma yake nasikia mtoto analia.
"Subiri," namwambia.
Nalitafuta.
Likatokea kidogo, kama jino
kinywani mwa mtu anayejizuia kucheka.
"Kilomita tano."
Akashuka.

Mwaka jana, karafuu zilipokwisha kuuzwa,
asubuhi moja mbingu safi, hata kipande kimoja cha wingu hakuna,
na bati halipo.
Nikapangusa macho. Nikapangusa dirisha.
Ijumaa baada ya sala nikapanda baiskeli mpaka kilimani.

Nikamkuta Bikombo Shaame anachagua mbegu za kunde.
Juu yake paa jipya, kijani kama mikarafuu inayolizunguka,
misumari bado inang'aa.
"Lile kuukuu likivuja juu ya kitanda," akasema.
Nikamweleza yote.
Alicheka mpaka kunde zikamwagika.
"Ati ndege zote hizo zaniuliza miye,
na miye sijapanda hata moja!"

Kisha akanyamaza, akaokota kunde, moja moja.
"Siku walipomchukua Riziki wangu kwenda Mnazi Mmoja,
mvua ile... mlitazama huku?"

Daftari langu lina siku nyingi za mvua.
"Kila siku tunatazama huku," nikamjibu.
Hakuniambia kama Riziki alirudi.
Nami sikuuliza.

Jumatatu, saa moja, jua lilipochomoza,
pakawaka kitu kilimani, chini kidogo ya pale pa zamani:
ameezekea banda la mbuzi.
Karibu zaidi, kwa macho yangu, kama mita hamsini.

Nimeandika kilomita tano.
Shahidi haongezi chumvi,
lakini mita hamsini
nimemsamehe.