Fomu ya Bahari

Fomu tuliyoletewa iliandikwa kwa ajili ya bahari.
Safu ya kwanza: chumvi. Ya pili: kupwa na kujaa.
Ya kwanza najaza sifuri. Ya pili napiga mstari,
maana ziwa letu halina miadi na mwezi.

Zilizobaki zinatufaa: mwanga, joto, kina,
hewa iliyoyeyuka, na sakafu imetandikwa nini.

Bwire anazima injini mkabala na Luchelele.
Nashusha sahani, robo nyeupe, robo nyeusi,
kamba inateleza kidoleni, nahesabu mafundo.
Humu ghubani inapotea kabla sijashusha pumzi:
mita moja na kidole, maji mabichi kama mlenda.
Jana, nje ya visiwa, ilizama, ikazama,
ikawa sarafu iliyokataliwa dukani,
mita tatu, tatu na nusu,
bado inanikonyeza.

Kwenye mafunjo jua hufika hadi matopeni,
konokono hupanda mashina, sato hufukua viota.
Kwenye majabali, yale yaliyobebana bila udongo,
furu wadogo hukwangua ukoga,
kila jiwe na ukoo wake, kila ukoo na rangi zake.
Katikati ni dagaa, na giza lililo chini ya dagaa.
Na chini kabisa, mita hamsini, miezi ya joto,
maji ya baridi hulala bila kugeuka ubavu;
kipimo cha hewa hushuka kwa haya:
mbili, moja, nukta tatu.
Hapo hata sangara, na ubabe wake wote, habishi hodi.

Bwire hana fomu. Anachota kiganja, anaonja,
anatema kule upepo unakoelekea.
"Haya ya ningu," asema. "Yale kule ya kamongo."
Miaka minne nalinganisha majibu yake na yangu.
Mara mbili alipatia yeye, nikakosea mimi.
Hilo halina safu.

Juma lililopita, mwaloni Kayenze, chombo kikapiga kelele:
safu ya kwanza, namba!
Nikafuta kioo. Nikapima tena. Moyo ukanipanda kooni.
Bwire akanionyesha kwa kidevu:
Nyanzobe, maji yamemfika magotini,
anasuuza beseni alilotilia sangara chumvi tangu alfajiri,
kanga kaifunga juu, hajui katuletea bahari.

Nikaandika: nukta mbili.
Kwenye nafasi ya maelezo, nikaandika jina lake.