Ubao wa Machi

Kila Machi, theluji ikiwa bado haijaamua kuondoka,
nautoa ubao stoo, naufuta vumbi,
nauegemeza penye lango la shule
na kubandika namba. Majina hakuna.
Miaka ishirini na sita ninafagia hapa Noshiro;
sikio langu hujua matokeo kabla ya macho.

Anayeiona namba yake hasemi amefaulu.
Husema *atta*: ipo.
Kama mtu aliyepoteza ufunguo
akaukuta mfukoni mwa koti lile lile.
Ndipo pumzi humrudia, neno likaota mbawa:
*yatta!*
Kati ya kuipata na kushangilia
pana sauti moja tu, nyembamba kama uzi wa kifungo.

Vijana wa besiboli hawana subira na maneno.
*Yossha*, ngumi kiunoni, basi.

Zamani baba mmoja, mshona mikeka,
alinyanyua mikono akapiga *banzai* mara tatu,
miaka elfu kumi, elfu kumi, elfu kumi,
na ajuza aliyekuwa kando akageuka, akaenda zake.
Neno lile alilisikia utotoni, stesheni,
likimsindikiza kaka ambaye hakurudi.

Lakini jana.

Wakana alifumba macho, glavu mdomoni.
Chizuru, mwenzake wa dawati, akasoma kwa niaba yao wawili.
Kidole kikashuka: mia nne kumi na tano,
mia nne kumi na saba.
Katikati hapakuwa na kitu, hata nafasi.
Nilijua. Nilizibandika mwenyewe.

*Yatta!* akapaza Chizuru,
sauti ikachanika kama karatasi mbichi.
*Yatta, Wakana, yatta!*

Neno letu hilo halina nafsi.
Halisemi nimeweza, halisemi umeweza,
halimtaji mtu; huacha mlango wazi,
na msichana yule akapitia hapo
akaingia kwenye furaha isiyo yake
bila kubisha hodi.

Wakana akabebwa na kundi, picha, simu, machozi ya mama.
Chizuru akapita karibu na ufagio wangu, ameinama.
Nikatafuta la kumwambia. Hongera haikufaa.
*Otsukaresama*, nikasema,
pole na kazi,
neno tunalompa yeyote aliyechoka.

Akasimama. Akaitikia kwa kichwa.
Kisha akaiona glavu kwenye theluji,
akaiokota, akaikung'uta gotini,
akakimbilia langoni akiita,
"Wakana! Umeangusha!"