Kohoa Kwanza

Tuta la reli ya zamani, nyuma ya Barabara ya Kumi na Sita,
lina kimo cha dirisha la Bi Mwanamvua.
Ukipita juu yake unayaona yote:
sufuria ya maharage, kitanda hakijatandikwa,
mume wa watu na taulo lake.
Ndiyo maana sisi wa Ngamiani tulijiwekea adabu:
juu hakuna mlango wa kubisha,
basi ukikaribia dirisha, unakohoa.

Mama alikohoa mara mbili, kavu.
Semkiwa fundi cherehani alikohoa kama anayedai deni.
Mimi, upindo wa gauni umejaa mnavu,
nilikohoa hadi nikanyweshwa asali na limau.

Wakaja na kamba ya kupimia.
Mhandisi Shekalaghe akatandaza ramani juu ya taruma,
akaibana kwa kokoto nne:
hapa viti, hapa taa, hapa mijohoro.
"Bustani ya juu," akasema. "Jiji litapumua."
Mnavu wetu kwenye ramani uliandikwa *magugu*.
Bi Mwanamvua akauliza lake moja:
"Na hao wapumuaji, watakohoa?"
Mhandisi akacheka. Hakuandika.

Sitasema uongo, pamependeza.
Upepo unapanda kutoka bandarini,
unapita juu ya mabati bila kugusa joto la chini.
Mbwana, na kiti chake cha magurudumu,
alipandishwa na mteremko wa saruji siku ya kwanza kabisa,
akaliona paa la nyumba aliyozaliwa,
na juu ya paa, umekwama kwenye mfereji,
mpira alioupoteza darasa la tatu, alipokuwa bado anakimbia.
"Kumbe ulikuwa hapa," akauambia.
Tukakaa naye. Hakuna aliyetaka kuushusha.

Lakini wageni hawakohoi.
Wanapiga picha anga,
na chini ya anga, dirisha,
na ndani ya dirisha, Bi Mwanamvua akichana nywele.
Miaka arobaini hakuwa na pazia.
Sasa ameshona. Zito, la kijani,
"lifanane na bustani yao."

Jana usiku nimepita.
Kibao kinasema *usikanyage nyasi*,
na mguuni pa kibao umechipua mnavu,
usiojua kusoma.
Mlinzi ameniona, akageukia upande wa taa.
Nikachuma.
Kisha, penye pazia, nikakohoa
mara mbili, kavu.

Kimya.
Mbwa wa Makorora, pikipiki ya mbali.
Halafu nyuma ya kitambaa
mtu akakohoa.