Nyuma ya Kalenda

Nyuma ya kalenda ya parokia, ya mwaka juzi,
Melkiadi amechora safari yetu
kwa kalamu nene, ile ya kuandikia bei dukani.
Milima ya Bururi ameiweka juu, karibu na tundu la msumari.
Bonde la Malagarasi limeangukia mgongoni mwa Desemba.

"Kupanda hakuhesabiki," anasema.
"Kupanda ni kwenda kuichukua safari.
Safari yenyewe ni kushuka."
Basi tutapanda kimyakimya kama wezi,
Kasulu, Buhigwe, Manyovu, tugongewe mihuri,
tusitazame kitu dirishani
tusije tukakimaliza.

Mimi ndiye mwenye daftari.
Kadi ya njano ya bima. Kibali cha gari, siku saba.
Mafuta madumu mawili, maana ng'ambo
foleni ya petroli huzaa wajukuu.
Karanga za kuchoma.
Mawese ya Ntirandekura, mwenyeji wetu,
aliyesoma naye ufundi na bado anamdai spana.

Tumegombana juu ya saa.
Ng'ambo wako nyuma yetu kwa saa nzima:
unatoka huku saa tatu, unawakuta wako saa mbili,
wanachemsha chai ambayo wewe umeshainywa.
"Tukirudi," nikasema, "tutanyang'anywa ile saa."
"Si yetu," akasema. "Tuliazimwa."
Akafunika kalamu. Akaifunua tena.

Halafu barabara. Kule wanashika kulia,
huku tunashika kushoto. Kati ya kizuizi na kizuizi
gari hubadili upande
kama mtu aliyechoka mkono wa ndoo.
Miaka ishirini na sita alibadili hivyo
na Fuso la maharage, usiku, mvua, taa moja,
na hakugusa hata jiwe la pembeni.

Mwezi wa tatu, hospitali ya Kabanga,
daktari alimwonyesha herufi ukutani.
Akasoma ukuta.

Hatujalizungumza sana. Anachora.
"Hapa," na kidole kinapapasa karatasi,
"ukishaiacha Makamba, kuna kona.
Vilima vinashuka chini yako, kimoja nyuma ya kingine,
kama migongo ya ng'ombe wanaokwenda kunywa.
Hapo utapunguza mwendo."
"Nitapunguza mimi?"
"Nani mwingine?"

Leseni iko ndani ya daftari, kati ya bima na karanga.
Nilijifunzia Kigoma mjini,
nikimwambia nafuata dagaa.
Mara tisa nilishuka kwenye basi
mikono mitupu, bila hata harufu,
naye mara tisa akanipokea mlangoni
akauliza bei yake imepanda au imeshuka.

Mwisho wa ramani hakuandika jina.
Ameuchora mto tu, ukianzia juu kulekule mpakani,
ukiuzunguka mkoa kama mgeni asiyejua kuaga,
ukarudi, mnene, chini ya daraja.
Sisi tutashuka kwa siku moja.
Wenyewe haukuwa na haraka hiyo.
Pale nitazima gari. Yeye atasikiliza.
Mimi nitasema: nyasi ndefu.
Maji rangi ya chai. Ndege mweupe, mmoja,
hapana, wawili, yule wa pili amesimama kama karani.

"Sema," ananiambia, "lakini usitie chumvi.
Uvinza tutakuwa tumeshaipita."

Gari lenyewe bado liko juu ya matofali.
Matairi yanakuja Ijumaa, fundi kaapa,
ingawa hakusema Ijumaa ya lini.
Jioni hii tumeingia hivyohivyo,
mimi kwenye usukani, yeye pembeni
na kalenda magotini, juu chini.
"Mabanda," anasema. "Mugina. Punguza.
Askari huyo, msalimie. Haya, mpaka."

Nikahamia kushoto.
Kuku wakatupisha.