Mkono wa Kinyozi

Kipindi cha nne, Kidato cha Tatu, Tudor.
Pangaboi linazunguka kwa manung'uniko.
Nimeandika ubaoni: milioni sita.
Wameinakili, wakaipigia mstari
kama wanavyopigia mstari kila kinachonuka mtihani.

Nikasema, fungeni madaftari.
Mwaruwa, mji huu una watu wangapi?
"Milioni na laki mbili, Mwalimu, kwa sensa ile."
Midomo yake ikagawanya kimya kimya.
"Basi ni Mombasa mara tano."

Nikawaambia waanze kuzifunga nyumba:
Likoni, Mtongwe, Changamwe, Miritini,
Kisauni mpaka Bamburi, Mji wa Kale chumba kwa chumba,
asibaki hata mtu wa kuulizwa saa ngapi.
Kisha warudie.
Walifika Kongowea ya pili, wakachoka.

Rwanda niliipima kwa kalenda ya shule.
Siku mia: muhula mmoja,
kufungua hadi kufunga.
Swabra, aliyekuwa amesoma mbele, akauliza, na Waherero?
Walifukuziwa jangwani, nikasema,
na visima vikawekewa bunduki.
Akaitazama chupa yake ya maji, akaitia chini ya dawati.

Picha niliichapisha kwa pesa yangu, duka la Makupa,
shilingi ishirini, na haikutoka vizuri:
lundo la kitu cha kijivu.
Walidhani ni usumba wa kujazia godoro.
Hawakuwa mbali.
"Nywele," nikasema. "Za wanawake."
Mbodze, ambaye mamake ni msusi,
alishika tuta moja nyuma ya sikio
na hakuliachia.

Watu wakikosa la kusema huikimbilia methali.
Kombo, kutoka nyuma kabisa:
"Mwenzako akinyolewa..."
Na darasa zima, kwa mazoea, kama wanaitikia dua:
"wewe tia maji!"
Ilisikika hadi ofisi ya mkuu.

Kisha Nekesa, ambaye hanyooshi mkono kamwe:
"Mwalimu, mbona haisemi
tuushike mkono wa kinyozi?"

Pangaboi likaendelea.

Nilikuwa na miaka tisa, Likoni,
Agosti ya tisini na saba.
Mtaani watu walikuwa wakisema "wabara"
kwa sauti ile ile ya kutajia kunguni.
Mama Auma wa mlango wa pili
alipita usiku na godoro kichwani,
watoto watatu wameshikana nguo.
Mamangu alizima taa.
Tulichungulia kwenye ufa wa dirisha,
mimi chini, kaka yangu juu yangu.
Na babangu, naapa, alileta ndoo ya maji
akaiweka nyuma ya mlango wetu,
moto usije ukaruka.

Pasi yake ya makaa tulikuwa tumeiazima Jumanne.
Ingali kwetu. Jogoo wa shaba kwenye kifuniko
amechubuka kishungi.
Sare zangu zote, mpaka ya Kidato cha Nne,
zilinyooshwa kwa pasi ile.

Haya sikuyasema. Nilisema, "Swali zuri, Nekesa,"
kama mwalimu yeyote anayetafuta mlango.

Kengele.
Nikawahi: kazi ya nyumbani.
Muulizeni mtu mzima mmoja
ni jirani gani aliondoka,
na ni kitu chake kipi kimebaki kwenu.
Mwaruwa akauliza kama itatoka kwenye mtihani.
Kombo akauliza, kurasa ngapi?

Darasa lilipobaki tupu nikaketi dawati la mbele,
goti likigonga ubao, nikaanza yangu.
Pasi ilikuwa ya, nikaandika,
kalamu ikasimama.
Auma ni yule binti, mkubwa wa wale watatu.
Mama mwenyewe,
miaka yote ile mlango kwa mlango,
jina lake
hatukuwahi kumuuliza.