Mzinga Mtupu

Kashindye, umeniuliza tena, moshi ukitutoa machozi
humu katika miombo ya Sikonge:
"Tulimwombea Nyanzobe hadi alfajiri.
Yesu wako alikuwa wapi?"

Sijui.
Nilikuja na majibu; yamenata kooni kama nta.

Najua tu kwamba naye alilia kwenye kaburi la rafiki,
naye aliuliza "kwa nini?" akiwa juu ya mti,
na mbingu kimya.
Mtu akijitungia mungu, atamtunga na makovu?

Usinicheke. Si ushahidi, naelewa.
Lakini wewe, bingwa wa mashaka,
kila mwaka wapanda na mzinga mtupu,
waufunga kwa kamba ya gome, washuka,
wala hujaagana na nyuki hata mmoja.

Haya, nishikie kamba.