Saba ya Uru

Gidudu, fundi bomba, aliipata darini,
Barabara ya Naboa, nyumba ile yenye herufi za Kigujarati
juu ya mlango, zimepakwa chokaa mara tatu
na bado zinachungulia.
Akaiweka kaunta kama mtu anayeweka yai.
"Mama Khainza, hii ni pesa au ni takataka?"

Sikumjibu. Kwanza ninanusa.
Karata ya kale hunuka kabati, gundi, na kitunguu kwa mbali;
ya juzi, iliyolowekwa chai ili izeeke,
hunuka chai.
(Niliwahi kuuziwa hiyo, Soroti. Ndiyo karo niliyolipia ujinga wangu.)

Kisha pembe. Zingekuwa kali kama za bahasha
zingempita umri babu wa babu yangu; hizi zimeviringwa.
Kisha namba: zipo konani, ndogo,
basi si za enzi zile mchezaji
alipohesabu makopa kwa kidole kabla ya kuthubutu.
Kisha ree ya shupaza. Hapo ndipo mwenye kiwanda
hutia jina lake na majivuno yake yote,
kama fahali apigwaye chapa.
Jina, la Ubelgiji. Mgongoni, ndege
wa lile shirika la nchi tatu
lililokufa sabini na saba, Jumuiya ilipovunjika
na kila mmoja akaondoka na unyoya wake.

Moyo ulinidunda. Uso nikaufunga kama duka siku ya Idi.
Biashara nayo ni karata:
anayetabasamu mapema huonyesha turufu.

Nikahesabu. Shupaza kumi na tatu. Pao kumi na tatu.
Kopa zimetimia, ila mzungu wa pili
ana tone la wino shavuni, kama chunjua.
Uru:
tano, sita,
halafu kipande cha boksi la sigara,
kimekatwa kwa wembe, uru saba za kalamu nyekundu,
moja imepinda, kana kwamba aliyeichora alikuwa anacheka.

"Ingetimia, laki nne. Hivi ilivyo, elfu themanini,
na hapo nimekuonea huruma."

Gidudu hakununa. "Saba lazima ichakae.
Kwani wewe hujui matatu? Kule gereji tunacheza kila mchana.
Ya chini ikiwa uru, saba ya uru ndiyo inayokata.
Ukiishusha, basi, mchezo umekwisha,
kila mtu ahesabu mzigo uliombakia mkononi."
Akachukua pesa, akaenda na spana zake.

Nina droo ya karata yatima.
Humo mna saba ya uru, kiwanda kilekile,
mgongo tu ndio tofauti, na wanunuzi wangapi hugeuza?
Usiku nikaichomeka mahali pake, nikamulika kwa simu.
Ilikuwa nyeupe mno:
jino la bandia katika kinywa cha bibi.
Na mkusanyaji wangu, yule wa Kisumu,
ni daktari wa meno.

Nikamwandikia ukweli: hamsini na moja, na moja ya boksi.
Akajibu asubuhi: laki mbili,
lakini hiyo ya boksi itoe, inachafua seti.
Nikaitoa.
Gidudu nikamwongeza elfu arobaini; alizihesabu mara mbili,
akaniuliza kama ninaumwa.

Sasa ipo chini ya kioo cha kaunta.
Wateja huiulizia bei, nami bado naitafuta,
maana nilipoigeuza, siku ile ya kufunga kifurushi,
nilikuta hesabu za penseli, safu mbili,
mikono miwili:
tarakimu za Kigujarati kushoto,
kulia hizi zetu, za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani.
Mchezo kwa mchezo, mpaka ukingoni mwa boksi.
Chini wamechora mstari.
Jumla hawakuandika.